Mita Ishirini na Tisa

Mellen alipima mara tatu, kwa sababu mtu mwenye hasira akipima mara moja hujidanganya. Alishikiza ncha ya tepu kwenye kona ya zahanati, akaikandamizia jiwe, akatembea kuelekea upande wa milima ya Gwassi mpaka mita arobaini na moja, kama daftari lake lilivyosema. Hapo palikuwa na majani matupu na kinyesi cha mbuzi. Kisha akapima kutoka hapo mpaka kwenye lile shimo kavu lililowapa watu wa Magunga maneno ya kusema kwa wiki sita. Mita ishirini na tisa. Mara ya pili, ishirini na tisa. Mara ya tatu ilipotoka ile ile akaketi chini, sketi nzuri na yote, akalikodolea shimo macho.

Shimo lilikuwa limechimbwa mahali ambapo yeye hakupima kamwe.

Sasa, ili usidhani msichana huyu ni wa kuketi ovyo kwenye majani, nikueleze. Mellen Nyatichi alikuwa na miaka thelathini na digrii ya mambo ya miamba, na alifanya kazi Homa Bay katika kampuni ya ushauri iliyoitwa Kina, ofisi ya ghorofani juu ya duka la dawa za mifugo. Shule ikitaka kisima, kanisa likitaka maji, Kina huitwa ije iseme pa kuchimba. Mellen aliipenda kazi hiyo mpaka aibu. Unabeba betri na nyaya na vyuma, unapitisha umeme ardhini, unasoma namna unavyopita, halafu unawaambia watu wazima waliokuzidi umri: chimbeni hapa. Mwezi mmoja baadaye unapita njia hiyo na kukuta watu wanachota maji pale pale uliponyooshea kidole. Kule Osiri, penye machimbo ya dhahabu, mama mmoja alimpa jogoo mzima kwa ajili ya kisima. Alisafiri na jogoo yule mpaka Homa Bay, jogoo akimdonoa miguu njia nzima, na hakujuta.

Lakini kazi hiyo ilikuwa na bosi, na bosi alikuwa Injinia Wesley. Mellen ndiye aliyepanda vilima na kuchomwa na miba, ndiye aliyeandika ripoti, na Injinia ndiye aliyetia sahihi. Akiulizwa mbona jina la Mellen halimo, Injinia alikuwa na jibu lake moja, tena akilitoa akitabasamu: "Mellen, ripoti ya kampuni haina jina la mtu. Ina nembo."

Haya. Siku kisima cha zahanati ya kanisa la Waadventista pale Magunga kilipotoa vumbi mita mia na kumi, bila hata jasho, nembo ikapata jina mara moja. Jina likawa Mellen. Jumatatu hii inayokuja alitakiwa asaini barua ya kukiri kwamba vipimo vyake vilikuwa na kosa, na baada ya hapo hangepima tena, angekaa ofisini kupiga chapa vipimo vya wengine. Na ubaya wa ubaya, Magunga ndiko kwao. Mzee wa kanisa aliyesimama mbele ya waumini akawaahidi maji alikuwa Mzee Onsongo, mwenye duka la mabati na misumari, baba yake mzazi.

Lakini hayo yote angeyameza. Kilichokataa kushuka kooni ni Maroa.

Maroa alikuwa Mkuria wa Isebania, fundi mkuu wa mtambo wa kuchimba visima, mrefu, mweusi wa kung'aa, mwenye mazoea ya kuongea na mwamba kama watu wengine wanavyoongea na ng'ombe. Visima vinne walivitoa pamoja, yeye akipima na Maroa akichimba, na kati ya kisima cha kwanza na cha nne Mellen alikuwa ameanza kuvaa hereni kwenda kazini. Maroa alikuwa ameshawaambia wazee wake wajiandae kuja kwa Mzee Onsongo. Kisha shimo la Magunga likatoa vumbi. Siku hiyo Mellen hakuwepo, Injinia alikuwa amemtuma kwingine ili asilipie siku ya kusimamia uchimbaji. Maroa akampigia simu, amechoka, koo limejaa vumbi, akasema, "Ni vipimo vyako, Mellen." Naye Mellen akajibu, "Ama ni mikono yako." Wakakata wote wawili kwa wakati mmoja. Hasira hasara, wahenga walisema, lakini nani huwakumbuka wahenga akiwa na simu mkononi?

Mzee Onsongo naye akamalizia. Alisema mbele ya familia yote kwamba mtu anayefanya kazi Jumamosi, tena anayechimba vumbi kwenye uwanja wa Bwana, hataketi kwenye kochi lake kuomba binti.

Ndiyo maana Mellen aliposikia mngurumo wa lori zito likipinda langoni, moyo wake ulifanya mambo mawili kwa pamoja, ukaruka na ukakunja ngumi.

Ilikuwa Ijumaa, saa saba mchana. Mzee Onsongo alikuwa amemwita Maroa aje afukie shimo lake aende zake. Maroa alishuka kwenye lori na kofia yake ya manjano mkononi, akamwona Mellen kwenye majani, akasimama. Alikuwa amekonda. Mellen aliliona hilo kabla ya kitu kingine chochote, na akajichukia kwa kuliona.

"Habari yako, Mellen."

"Mbona ulihamisha?"

Maroa alipepesa macho. "Nimekusalimia."

"Nimepima mara tatu. Shimo lako liko mita ishirini na tisa kutoka kwa alama yangu. Ufa wa maji unapita pale nilipokaa, ni mwembamba, ukiukosa umeukosa. Ulihamisha kwa sababu gani, Maroa? Lori lilikataa kuingia majanini? Ulitaka kuwa karibu na lango ili mmalize haraka?"

"Mimi sijawahi kuhamisha alama yako hata inchi."

"Shimo linasema umehamisha."

"Basi liulize vizuri." Sauti yake ilikuwa chini, na Mellen alijua kuwa Maroa akishusha sauti ameumia. "Nilichimba penye kigingi. Sikulala usiku ule nikijiuliza kama nilipindisha rodi. Wiki sita najiuliza. Kumbe wewe wiki sita ulikuwa unaniona mwizi wa mita."

"Na wewe ulikuwa unaniona mjinga wa vipimo."

"Nilikuwa nimechoka."

"Ulisema."

"Nilisema. Na wewe ulisema mikono yangu."

Levis, kijana Mjaluo aliyekuwa msaidizi wa mtambo, alijifanya anakaza nati iliyokuwa imekazwa tangu Krismasi. Mellen aligeuza uso ili machozi yasionekane, macho yake yakaangukia usukani wa mtambo. Kwenye mkono wa chuma ambao Maroa huushika kutwa nzima palifungwa kipande cha kitambaa chekundu, kimefifia na kulowa grisi.

Kila kigingi cha Mellen kilikuwa chuma cha nondo chenye kitambaa chekundu kichwani. Vitambaa alikuwa akivikata mwenyewe kutoka kwenye sare yake ya zamani ya kwaya.

"Hicho umekitoa wapi?" aliuliza polepole.

Maroa alitazama chini. "Osiri. Kisima chetu cha kwanza. Nilikiweka tu."

Mellen alihisi hasira ikimponyoka mkononi, akaikimbilia aishike isitoroke. "Na cha hapa? Kitambaa cha hapa kiko wapi?"

"Cha hapa hakikuwa na kitambaa."

"Nilikifunga mwenyewe."

"Mellen, kigingi cha hapa kilikuwa kimepakwa chokaa. Cheupe pe pe pe. Nikasema labda kanisani kwenu mnapenda hivyo."

Mellen alimtazama. Kisha, taratibu sana, akageuza kichwa akatazama njia itokayo langoni mpaka mlango wa kanisa. Pande zote mbili ilipangwa mawe meupe, moja baada ya jingine, kwa nafasi sawa sawa. Shimo kavu lilikuwa kwenye mstari ule ule, kana kwamba hapo jiwe moja limekosekana.

Na pale pale, akiwa ameinama na ndoo ya chokaa na brashi ya katani, alikuwepo shemasi mkuu, mama yake, Jerusha. Ijumaa ni siku ya maandalio. Kabla Sabato haijaingia, majani ya kanisa hufyekwa, vumbi hufagiwa, na mawe hupakwa.

"Mama," Mellen aliita. "Njoo kidogo."

Mama Jerusha alikuja akipangusa mikono, akamtazama Maroa kwa jicho la mama anayemwonea mtu huruma lakini hajaruhusiwa na mumewe.

"Mama, pale majanini nilikuwa nimeweka chuma. Mwezi wa pili, siku ya Alhamisi. Chuma chenye kitambaa chekundu."

"Kile? Nakikumbuka sana. Kilikuwa kimesimama peke yake katikati ya majani kama mlevi. Kesho yake tunafyeka, mwenzangu Emmaculate karibu avunje panga. Nikakitoa." Akaona uso wa bintiye, akaongeza haraka, "Sikukitupa. Mimi nina akili, nilijua ni kitu ya kazi. Nilikirudisha vizuri, nikakipanga na mawe, nikakipaka chokaa kipendeze."

"Ulikirudisha wapi, Mama?"

Mama Jerusha akanyoosha mkono wenye madoa meupe. "Si pale tu. Karibu na njia, mtu asijikwae." Mkono ulikuwa umeelekea shimoni moja kwa moja, na ukabaki hapo hewani.

Levis aliacha kukaza nati.

"Na kitambaa?" Mellen aliuliza, kwa sauti ya mtu asiyetaka kujua.

"Kitambaa kizuri kile. Nimefungia maua ya mimbarini."

Sabato sita. Mellen alikuja nyumbani Sabato nne kati ya hizo, akaketi benchi la tatu, akamwomba Mungu amwonyeshe alikosea wapi, na muda wote jibu lilikuwa mbele yake, limefunga maua.

Wa kwanza kucheka alikuwa Maroa. Kicheko kilianza kifuani kama mtambo unaokataa kuwaka, kisha kikawaka, akaketi kwenye gurudumu la lori akashika tumbo. Mellen alitaka kukasirika akashindwa. Walicheka mpaka Mama Jerusha naye akaketi chini.

"Ni mimi?" alisema. "Mungu wangu, ni mimi nimewaaibisha hivi? Lakini mbona hakuna mtu aliniuliza?"

Na hapo, msomaji, mama alisema kweli tupu. Wasomi wawili waliuliza mashine, wakauliza mwamba, wakaulizana wao kwa wao kwa maneno ya kukwaruza. Mwenye ufagio hakuulizwa. Kuuliza si ujinga, lakini wajuzi husahau.

Mellen alimgeukia Maroa. Kicheko kilikuwa kimeondoka, na macho yake yalikuwa yale yale ya zamani, ya kumtazama mtu kana kwamba ana siku nzima. "Nisamehe," Maroa alisema. "Ningekupigia simu ya pili. Nilishika simu kila siku."

"Mimi pia nilishika."

"Mbona hukupiga?"

"Mbona wewe hukupiga?"

"Kiburi cha Mkuria."

"Basi kimekutana na cha Mkisii," Mellen alisema, na kwa mara ya kwanza katika wiki sita alihisi pumzi ikifika chini kabisa.

Mzee Onsongo alifika kutoka dukani, penseli bado sikioni. Alisikiliza yote amesimama. Alipofika kwenye habari ya chokaa alimtazama mkewe kwa muda mrefu, na mkewe akatazama ndoo. Lakini Mzee Onsongo hakuwa mtu wa kugeuka haraka.

"Maneno nimesikia," alisema. "Ni maneno mazuri. Lakini nilisimama mbele ya kanisa nikawaambia wagonjwa watanawa mikono, akina mama watajifungulia kwenye maji safi. Wakaona vumbi. Wakaniuliza nani alipima, nikasema ni kampuni. Nilishindwa kusema ni mtoto wangu." Alitoa penseli sikioni akaitazama, kwa maana hilo lilimuuma hata yeye. "Sitasimama tena na maneno. Shimo halina shahidi isipokuwa maji."

Hapo ndipo jambo lenyewe lilipokaa wazi mbele ya Mellen. Mita ishirini na tisa zilithibitisha tu kwamba Maroa hakuchimba alipopima yeye. Hazikuthibitisha kwamba alipopima kuna maji. Na mtambo ulitakiwa Osiri Jumapili, na kutoka hapo ungevuka mpaka kwenda Tanzania kwa miezi minne.

"Mzee," Maroa alisema, akiwa amevua kofia, "nipe uwanja wako mpaka jua lizame."

"Jua likizama Sabato imeingia. Injini itazimwa hata kama imebaki mita moja."

"Jua likizama, mimi mwenyewe ndiye nitazima. Hutaniambia."

Mzee alimtazama Maroa usoni kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Haya," alisema.

Mtambo haukuwa umeinua hata mlingoti wake wakati simu ya Mellen ilipolia. Maneno ya Magunga yana miguu kuliko pikipiki.

"Mellen, nasikia unachimba," Injinia Wesley alisema. "Nani ameidhinisha?"

"Mimi, Injinia."

"Wewe uko likizo. Shimo la pili likikauka jina la kampuni limekwisha. Unachimba kwa jina la nani?"

Mellen alitazama daftari lake, ukurasa wenye jasho na doa la chai ya Homa Bay. Miaka mitano ya kazi. "Langu," alisema. "Mellen Nyatichi Onsongo. Ukitaka kuandika mahali, andika hivyo. Likikauka, ni mimi. Na likitoa maji, Injinia, pia ni mimi."

"Likikauka usije Jumatatu."

"Likikauka nitakuja kuchukua kikombe changu tu." Akakata simu, akaitia mfukoni. Maroa aliyasikia yote. Alitabasamu upande mmoja, tabasamu lililomfanya Mellen asahau alikuwa anaogopa nini.

Saa nane na robo mtambo uliuma ardhi.

Rodi za kuchimbia zilikuwa na urefu wa mita tatu tatu, na Mellen alizihesabu kwa mkaa kwenye ukuta wa zahanati. Daftari lilisema maji kati ya mita tisini na tisini na tano. Rodi ya tano, vumbi jekundu. Rodi ya kumi, vumbi la kijivu. Watu walianza kujaa, kwa sababu injini ikilia Magunga hakuna anayebaki nyumbani. Rodi ya ishirini, vumbi. Mwanamke mmoja alisema si kwa kunong'ona kwamba afadhali wangefuga nyuki. Mama Jerusha alikuwa ameacha mawe yake, anasali kwa midomo tu.

"Kuja hapa," Maroa aliita kwa nguvu juu ya kelele. Alimpa kofia ya ziada, akauweka mkono wa Mellen kwenye mkono wa chuma, pale penye kitambaa chekundu, kisha akaweka wake juu. "Usitazame vumbi. Sikiliza kwa kiganja. Mwamba mzima unatetemeka haraka haraka. Ukifika penye ufa utasikia kama baiskeli imeingia shimo."

Mkono wake ulikuwa na joto na mikwaruzo. Mellen alisikiliza kwa kiganja, na kusema kweli si mwamba peke yake aliousikia.

"Ulipata wapi moyo wa kuniamini leo?" aliuliza, karibu na sikio lake. "Hujaona ufa. Umeona daftari tu."

"Nimeona visima vinne," Maroa alisema. "Na nimeona ulivyoketi kwenye majani na sketi mpya. Mtu asiye na uhakika huchuchumaa."

Rodi ya ishirini na tisa, saa kumi na mbili kasoro. Mzee Onsongo alikuwa amesimama mbele, saa ya mkononi mkono mmoja, Biblia mkono wa pili. Rodi ya thelathini ilitoa vumbi jeusi, zito kidogo. Watu wakasogea. Maroa akalichukua kiganjani, akalisugua, akatikisa kichwa. Unyevu si maji.

Rodi ya thelathini na moja iliingia jua likiwa limekaa juu ya Gwassi. Ilishuka polepole. Kisha, chini ya viganja viwili vilivyopandana, chuma kikaruka mara moja.

"Umesikia?" Mellen alisema.

"Nimesikia."

Lakini juu hapakutoka kitu. Vumbi lenyewe lilikoma, na hewa ikatoka tupu. Jua likabaki ukucha mmoja.

"Bosi, dakika mbili tu," Levis alisihi. "Dak mbili, tunaimaliza. Hakuna mtu anacheki."

Maroa alitazama mlima. Alimtazama Mellen, na Mellen aliona anachoomba kwa macho yale. Alikuwa akimwomba ruhusa ya kupoteza. Dakika mbili zingeweza kuwa kazi yake, jina lake, na harusi yao. Mellen aliondoa mkono wake kwenye chuma.

"Zima," alisema.

Ukucha wa jua ukazama, na Maroa akazima injini. Mzee Onsongo alikuwa ndiyo kwanza anafungua mdomo kumwambia. Akaufunga.

Baada ya saa nne za kelele, kimya kilikuwa kizito. Hakuna aliyeondoka. Mama Jerusha alianza wimbo wa kufungua Sabato, kwa sauti ndogo iliyokauka, na wanawake wawili watatu wakamsaidia. Mellen alisimama na kofia kubwa kichwani akijiambia asilie mpaka afike nyuma ya zahanati.

Ndipo Maroa alipoinua mkono. "Mama, samahani. Hebu nyamazeni kidogo."

Wimbo ukakatika. Kwanza Mellen alidhani ni masikio yake yaliyochoshwa na injini. Kulikuwa na sauti chini, ndogo, kama sufuria inayoanza kuchemka kwenye nyumba ya jirani. Maroa alipiga magoti kando ya shimo. Akaokota kokoto, akaiachia pembeni mwa rodi, na wote wakasubiri, hata wale wasiojua wanasubiri nini.

Tubwi.

"Pi," Levis alisema kwa Kijaluo, taratibu, kama mtu anayemsalimu mgeni mheshimiwa. Kisha akarudia kwa wale wengine. "Maji."

Mellen alishajua. Hewa ya mtambo ndiyo iliyokuwa imeyasukuma maji nyuma na unga wa mawe ukaziba ufa. Injini ilipozimwa, ufa ukapumua. Kama wangeng'ang'ania zile dakika mbili, wangepita wakaendelea kuyasukuma. Alinyakua tepu yake ya mita mia, akafunga nati mwishoni, kisha akasita akamtazama baba yake. Sabato ilikuwa imeingia. Kupima ni kazi.

Mzee Onsongo alikohoa. "Ng'ombe akitumbukia kisimani siku ya Sabato hutolewa," alisema. "Pima, mama."

Alipima. Mita sitini na nane. Wakangoja. Mita hamsini na tano. Wakangoja tena, Maroa akishika tepu pamoja naye. Mita arobaini na tatu.

"Yanapanda," Mellen alisema. "Baba, yanapanda yenyewe."

Hapo alilia, mbele ya watu wote wa Magunga, kwa furaha, na Maroa akamshika, na hakumwachia hata alipokuwa ameshafuta machozi. Mzee Onsongo aliona. Akageuka akatazama milima kwa makini sana, kana kwamba ndiyo kwanza anaiona leo.

Simu ikalia. Injinia Wesley.

"Nani huyo?" Mzee aliuliza bila kugeuka.

"Bosi, Baba. Nadhani amesikia."

"Mwambie Sabato imeingia."

Mellen hakumwambia. Alizima simu tu. Katika miaka mitano hakuwahi kuizima Ijumaa, na kidole chake kilikaa juu ya kile kitufe muda mrefu kuliko ilivyohitajika, kwa utamu.

"Na wewe," Mzee alimwambia Maroa, "huwezi kuendesha lori na matope hayo. Utalala kwa Cephas jirani. Kesho tunaingia kanisani saa tatu. Una shati?"

"Sina, mzee."

"Nitakupa langu."

Kwa hiyo asubuhi iliyofuata Maroa aliketi benchi la wageni, mbele kabisa, katika shati jeupe la Mzee Onsongo lenye mikono iliyomfika karibu na viwiko. Maua ya mimbarini yalikuwa yamefungwa kwa uzi wa kawaida. Kitambaa chekundu kilikuwa kimerudi kwa mwenyewe. Mama Jerusha alikuwa amekifua na kukikausha juu ya jiko, na sasa Mellen alikuwa amekizungusha kidoleni.

Wakati wa matangazo Mzee Onsongo alisimama, akasafisha miwani, akaivaa.

"Maji yako mita tisini na tatu chini," alisema. "Asubuhi hii yamepanda mpaka mita ishirini. Mwezi ule mliniuliza nani alipima, nikawajibu nusu. Leo nawajibu yote. Aliyepima ni binti yangu, yule pale, na alikuwa amepima vizuri tangu mwanzo. Aliyechimba ni Maroa, aliyevaa shati langu. Aliyehamisha kigingi nitawaambia nikishapewa ruhusa nyumbani."

Kanisa likacheka, Mama Jerusha akafunika uso kwa kitabu cha nyimbo.

Karani wa kanisa, Frankline, aliinua mkono. "Mzee, lile jiwe la kumbukumbu la kuweka kisimani. Tuchonge jina la kampuni gani?"

"Kampuni itajichonga yenyewe," Mzee Onsongo alisema. "Nyinyi chongeni Mellen Nyatichi." Alivua miwani, akalitazama benchi la wageni, kisha benchi la tatu alipokuwa bintiye. "Muishie hapo. Jina la mwisho liachieni nafasi."

Maroa aliinamisha kichwa, shati la mzee likambana mabegani. Mellen alikaza kitambaa chekundu kidoleni, akafunga fundo.